Nilivyoacha kuwapulizia wanafunzi dawa ya mboga

Kwa miaka sita nimelima mchicha na chainizi katika bonde la Mto Msimbazi, matuta yangu yakiishia hatua chache kutoka ukuta wa shule ya msingi, na sikuwahi kujiuliza ukungu wa bomba langu huishia wapi ukishapita mboga. Aliyenifumbua macho ni mwalimu wa darasa la pili, aliyenijia asubuhi moja ya Julai, akanisalimu kwa adabu, kisha akasema, "Baba, naomba uje usimame darasani kwangu dakika tano tu." Nilisimama. Harufu ya dawa niliyotoka kuipiga ilikuwa kali humo kuliko shambani, na watoto wawili walikuwa wakifikicha macho.

Miezi hiyo Dar es Salaam huvuma kusi, nayo shule iko kaskazini mwa matuta yangu. Nilikuwa nikitumia klopirifosi, dawa inayoua mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu, na ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2020. Mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo huvuta pia sehemu kubwa zaidi ya hiyo dawa.

Kosa langu la kwanza katika kujirekebisha lilikuwa kuhamia alfajiri, nikiamini kwamba hewa iliyotulia haipeleki dawa popote. Kumbe matone madogo hubaki yakielea chini chini, na saa kumi na mbili na nusu wanafunzi walipofika kufagia uwanja, yalikuwa bado yapo. Ndipo nilipofunga kipande cha mfuko wa nailoni kwenye mti mrefu, nikaanza kupiga dawa Jumamosi jioni tu, kipande hicho kikitikisika kidogo kuelekea mtoni. Ncha ya bomba niliibadilisha, nikachukua inayotoa matone makubwa, na matuta manne yaliyo karibu na ukuta nikayaacha bila dawa yoyote ya dukani. Hapo hutumia maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, ambayo kwa kweli hayamalizi vidukari na yanadai kurudiwa mara kwa mara. Mavuno ya matuta hayo yamepungua, nami nimekubali.

Jambo lililonitia aibu zaidi ni chupa. Niliwahi kumkuta mtoto akimwagilia maua ya shule kwa chupa yangu tupu niliyoitupa kichakani. Sasa huisuuza mara tatu, maji ya kusuuzia nikiyarudisha kwenye bomba, kisha huitoboa kwa msumari ili isimfae mtu yeyote.

Jirani yangu wa matuta alinicheka, kwani kwake dawa isiyonuka si dawa, na hadi leo hupiga siku za shule. Hata hivyo, juzi nilimkuta ameketi juu ya ndoo, bomba limejaa, akitazama kile kipande cha nailoni kilichonyooka kuelekea madarasani.

"Unangoja nini?" nikamuuliza.

"Nangoja kigeuke."