Matuta yangu ya Luchelele, ya juu na ya chini

Shamba nililokodi Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, lina udongo wa aina mbili, nami sikulijua hilo mapema. Juu, karibu na mawe, ni luseni, kichanga chepesi. Chini ni mbuga nyeusi: ikilowa inang'ang'ania gambuti, ikikauka inapasuka nyufa. Ufukweni tumeacha mita 60, sheria ya mazingira ya 2004 inataka hivyo, na walioona ziwa lilivyopanda 2020 hawabishi.

Msimu wa kwanza niliinua matuta yote sentimeta 30, yakishuka na mteremko, maana ukisimama barabarani yalipendeza. Mvua moja ya vuli, ya usiku, ikageuza njia kuwa mifereji. Asubuhi nikakuta samadi imelundikana chini na miche ya chainizi imelala, mizizi nje. Ya juu iliyopona ilinyauka ifikapo saa nne, hata nikimwaga ndoo nane.

Mzee jirani alipita, tukaamkiana kwa Kisukuma, mwangaluka. Akachota udongo wa juu uliolowa, akaufinya, ukamwagika. Wa chini akausokota ukawa kijiti.

"Mwanangu, huyu ana kiu, yule anazama. Wewe umewavalisha shati moja."

Nikaanza upya. Mimi na mke wangu tulishika mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule wa mafundi ujenzi wa kupimia usawa, tukapiga vigingi kukatiza mteremko. Chini sikuweka usawa kabisa: kila mita kumi nilishusha vidole viwili, maji yatoke polepole hadi mtaro wenye nyasi. Tuta likawa na upana wa mita moja, mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga. Njia nusu mita, udongo wake nikaupandisha juu ya tuta pamoja na samadi iliyooza. Mbuga usiilime mbichi, utafyatua matofali. Nilisubiri siku nne baada ya mvua, mpaka bonge likawa linavunjika mkononi.

Juu sikuinua kitu. Nilichimba sentimeta 15 kwenda chini, nikaacha kingo kama za jaluba la mpunga, nikatandaza nyasi kavu. Sasa ndoo tatu zinatosha.

Kinachonitoa jasho mpaka leo ni ndago, gugu sugu. Kila nikipiga jembe nazikata, na kila kipande kinaota.