Nilivyopata gari ya kukokota boti yangu, Tanga mpaka Pangani

Nina boti ya faiba futi 23, mashine mbili za nguvu ya farasi 40, kazi yangu kubeba wageni wanaotaka kuogelea na kuangalia matumbawe. Wengi wanataka Maziwe, kile kisiwa cha mchanga cha kule Pangani, na kusi, ule upepo wa kusini, likishakaza kuanzia mwezi wa sita huwezi kumtoa mgeni Tanga kwa boti umpeleke mpaka kule, unaenda ukipigana na upepo njia nzima, mafuta yanateketea na mgeni anafika kalowa chapachapa na kashatapika. Kwaiyo kusi lote boti yangu inaenda Pangani kwa barabara, iko juu ya trela, kama kilomita 50 hivi, naishushia kule kule.

Mwanzo nilikuwa na pikapu ndogo inayovuta tairi za nyuma tu. Barabarani ilikuwa inakokota vizuri, ndo ikanidanganya. Siku moja Sahare, hapa Tanga, natoa boti, maji yanakupwa, mteremko wote umeshika ule ute wa kijani, nikakanyaga mafuta tairi za nyuma zikawa zinazunguka bure pale pale, nikaachia, nikavuta hendibreki mpaka mwisho na gari ikaanza kurudi baharini yenyewe. Tairi hazizunguki, zinateleza tu kama umepaka sabuni. Nahodha wangu mtu mzima wa sitini na kitu anapiga kelele "Mwanangu toka humo! Toka, liache liende!" na mi nimeng'ang'ania usukani. Vijana wawili wakakimbilia mawe, la kwanza gari ikalipanda ikapita, la pili ndo likashika tairi la kushoto, ikasimama maji yameshafika kwenye bampa. Ile sauti ya jiwe linavyokwaruza chini ya tairi naisikia mpaka leo.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta gari nyingine na kila niliyemuuliza ananiambia habari ya farasi, hii ina farasi wangapi, ile ina turbo. Mpaka nilipoenda kwa fundi mmoja Ngamiani, hata hakuniuliza nataka gari gani, akaniuliza "Mdogo wangu, trela lako lina kilo ngapi?" Nikamwambia tani moja na nusu. "Umepima?" Sikuwa nimepima. Akasema kapime kwanza ndo urudi.

Nikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wana mizani kubwa ya magari, nikapandisha trela na boti na kila kitu kama siku ya safari. Kilo 2,380. Mi nilikuwa nahesabu boti tupu, nimesahau trela lenyewe ni chuma cha kilo mia tano na ushee, mashine mbili, mafuta, nanga na mnyororo wake, maboya, vyote vinataka kukokotwa.

Fundi akasema bado moja, pima pua. Pua ni pale kichwa cha trela kinapokalia ile boli ya nyuma ya gari. Tukaazima mizani ya jukwaa, ile ya kupimia magunia, tukaweka gogo juu yake tukalaza kichwa cha trela kwa urefu ule ule wa boli, tukasoma 110. Akatikisa kichwa. Uzito unaokaa puani unatakiwa uwe kama asilimia 10 ya trela zima, yangu ilitakiwa ifike 230 na kitu. Mashine mbili na tenki la mafuta vyote viko nyuma ya boti, zinalemea mkiani, pua inakuwa nyepesi, ndo maana nikifika spidi 70 trela lilikuwa linacheza mkia kama samaki. Na ndo maana pia Sahare tairi za nyuma za gari hazikushika, hakukuwa na uzito wa kuzikandamiza, na hendibreki inakamata tairi hizo hizo za nyuma ambazo ziko kwenye ute. Tukasogeza boti mbele futi moja, tukahamisha mlingoti wa winchi, tukapima tena ikasoma 225. Nilikaa chini pale pale nikashusha pumzi, manake nilikuwa nahangaika kutafuta hela ya gari na nusu ya tatizo ilikuwa kwenye trela langu.

Sasa gari. Zile pikapu kubwa za Marekani kama Ford F-250 ni kweli zinakokota uzito mkubwa kuliko wangu, ila usukani kushoto, na mi sina mzigo wa kufikia huko. Ford Ranger ya 3.2 nguvu ya injini yake kuzungusha (torque) ni Nm 470, hiyo haina ubishi, lakini mafundi wangu wa hapa hawajaizoea. Hilux ya 3.0 ndo niliipenda sana, nikataka kulipia kabisa, nikasoma maandishi yake nikakuta mwisho wa trela ni kilo 2,500, na mi niko 2,380 kabla mtu hajaweka boksi la barafu ndani ya boti. Sikutaka kuishi kwenye ukingo namna ile.

Nikaangukia Land Cruiser 79, mkonga, ya singo kebini, injini ile ya 1HZ, lita 4.2, pistoni sita, haina turbo wala mambo ya kompyuta. Ukiangalia namba inashindwa, Nm 285 tu. Lakini inaruhusiwa trela la kilo 3,500 lenye breki, nyuma ina springi za bapa haikai chini ukiipa pua ya kilo 225, na fundi yeyote Tanga anaifungua macho yamefumba. Milima ya kunitesa njia ya Pangani hakuna, nikienda 60 nimeridhika. Nilipata iliyotumika, bei yake iliniuma kweli, nikauza ile ndogo na kiwanja cha Pongwe, mke wangu tulikubaliana ila haikuwa mazungumzo ya siku moja. Na inabeba watu watatu tu, wageni nawakodia Noah.

Breki za trela nazo usizipuuze. Pikapu nyingi mwisho wake ni kilo 750 kama trela halina breki, na mi miaka miwili nilikuwa napita na tani mbili zisizo na breki nikiamini niko salama. Nikafunga zile za msukumo, gari ikipunguza mwendo trela linasukuma kichwa chake na kichwa kinavuta waya wa breki. Kurudi nyuma inabidi ufunge kile kipini chake la sivyo zinakamata zenyewe.

Kushusha boti sasa naweka fowili ya gia ndogo, tairi zote nne zivute, kabla sijagusa mteremko, tairi za mbele ziko pakavu ndo zinazonitoa. Nikifika kutoka safari ndefu siingizi trela majini hapo hapo, nasubiri nusu saa habu za tairi za trela zipoe, manake zikiingia za moto kwenye maji ya baridi zinafyonza chumvi ndani na beringi zinakufa. Jioni naosha kwa maji yasiyo na chumvi, chasisi, breki, kila kitu, hata nikiwa nimechoka vipi.

Juzi tumetoa boti Pangani wakati wa bamvua, maji yamekwenda mbali, mchanga mlaini. Nahodha kasimama pembeni kashika jiwe mkononi kama kawaida yake tangu siku ya Sahare. Gari ikapanda taratibu mpaka juu, akalitupa.