Siku moja kwenye shamba langu la mitiki, Mtama

Nina ekari chache za mitiki upande wa Mtama, mkoani Lindi, kwenye mteremko wa kuelekea uwanda wa juu wa Rondo. Huku kwetu ukisema una shamba watu wanajua ni korosho, ufuta au mbaazi. Ukitaja miti wanakuuliza: sasa hapo unafanya nini, si inajiotea yenyewe? Basi hii ni siku moja ya mwezi wa nane.

Saa 12 asubuhi. Chai ya rangi na ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha, kisha mimi na mpwa wangu tunaondoka. Yeye kabeba reki na jembe, mimi panga na msumeno wa kupogolea.

Saa 12 na nusu. Kabla ya kazi nyingine yoyote tunazunguka mpaka. Msimu huu mitiki imeshapukutisha majani, na jani la mtiki likikauka linashika moto upesi sana. Njia ya kuzuia moto tumeilima kuzunguka shamba lote, upana wa mita 5, udongo mtupu. Lakini kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma usiku, asubuhi unakuta majani yamerudi njiani. Tunayavuta kwa reki na kuyarudisha ndani, chini ya miti.

"Mjomba, kwa nini tusiyafagie yote hata ya huko ndani, tukayachoma mara moja tukapumzika?"

Hilo swali naulizwa na wengi, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Jani la mtiki ni pana. Mvua ikinyesha, maji yanakusanyika juu yake na kudondoka kwa matone mazito. Chini pakiwa patupu, matone yale yanachimba udongo, na kwenye mteremko kama huu udongo unashuka bondeni. Nimeona mashamba yaliyofagiliwa mpaka yanang'aa, mwenyewe anayasifia kwa usafi, na mizizi ya miti iko nje. Kwa hiyo mpakani nataka udongo mtupu, ila ndani nataka majani yaoze na vichaka vifupi viote. Mpwa wangu alinisikiliza, akaendelea kuvuta reki.

Saa 2. Kupunguza miti. Hii ndiyo kazi inayoniumiza roho na ndiyo inayoliponya shamba. Ukipanda kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, ekari moja inabeba miche kama 640. Ukiiacha yote, baada ya miaka michache vilele vinagusana, jua halifiki chini, na miti inarefuka bila kunenepa. Mti dhaifu ndio wadudu wanaoupenda. Na pale chini penye giza hakioti kitu cha kushika udongo, tunarudi kwenye yale yale ya matone.

Kiangazi ni wakati mzuri wa kuchagua kwa sababu miti iko uchi, shina lote unaliona. Natembea na kopo la rangi nikiangalia shina mpaka kileleni. Uliogawanyika pacha karibu na ardhi, alama. Uliopinda, alama. Uliofunikwa na wenzake, alama. Kazi ngumu ni pale miwili mizuri imesimama jirani, yote imenyooka. Hapo nazunguka mara kadhaa, naangalia upi una kilele kipana chenye nafasi ya kutanuka, halafu napiga rangi ule mwingine. Huruma ya kuiacha yote miwili inaishia kuidumaza yote miwili.

Tunakata mpaka saa 5 hivi. Visiki vya mwaka jana vimeshachipua. Mtiki hauachi kuchipua hata wakati huu wa ukame. Navunja machipukizi yasije yakagombania maji na miti niliyoibakiza. Chukua jani changa la pale, lisugue kati ya vidole: linaacha rangi nyekundu kama damu. Mpwa wangu alipokuwa mdogo alijipaka hiyo usoni.

Saa 6. Ugali wa muhogo na mbaazi, kivulini kwenye mwembe. Kwenye mitiki hakuna kivuli sasa.

Saa 8 mchana. Kupogolea. Tawi naanza kulikata kwa chini kidogo, ndipo namalizia kwa juu, lisije likaanguka na kuchuna gome la shina. Nakata nje kidogo ya uvimbe wa pale tawi linapotokea: nisiache kipande kirefu cha kuoza, nisiingie kwenye shina. Kidonda kikiwa safi, mti unakifunika wenyewe.

Mti mmoja wa mstari wa chini una vitundu shinani na unga wa mbao umemwagika kwenye majani. Mtoboa shina. Huo nao tumeuangusha, na vipande vyenye funza tumevitoa nje ya shamba vikachomwe.

Saa 10 alasiri. Mzee jirani wa upande wa kusini anasafisha shamba lake la ufuta na anataka kuchoma. Nikamfuata.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ajili ya moto."

Namheshimu kwa kuwa hachomi kimyakimya. Tumekubaliana: hakuna kuwasha mchana upepo ukiwa mkali. Tutawasha kesho alfajiri, kusi likiwa limetulia, baada ya kumtaarifu mwenyekiti wa kitongoji. Na moto uanzie huku mpakani kwangu, utambae polepole kuelekea kwake, dhidi ya upepo. Ukiwashwa kule ng'ambo, upepo utausukuma wote kwenye mitiki. Mti mkubwa unaweza usife kwa moto, lakini gome la chini linapasuka, na penye ufa huo mchwa na uozo wanaingia. Mbao ya miaka 20 inaharibikia hapo, pale pale kwenye kipande kinene chenye bei.

Saa 1 usiku. Simu kwa mnunuzi wa nguzo. Anazitaka zile tulizoangusha leo, tena anataka azipakie kesho hiyo hiyo. Nimemwambia bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu hazitoki shambani, na kesho asubuhi sina nafasi: nina moto wa mzee wa kusimamia. Aje keshokutwa.