Barbados na baiskeli ya mbio: nibebe au niache? (kumbukumbu ya mradi wangu)

Novemba, bado nawaza

Haya wadau, mradi mpya huu. Mwezi wa pili mimi na mama watoto tunaenda Barbados, kisiwa cha Karibi, inshallah. Hapa Reading, Uingereza, tunakoishi watu wa Barbados ni wengi sana, na jirani yetu mmoja, mzee wa huko, katuambia twende tukafikie kwa dada yake parokia (kule ni kama wilaya) ya Saint George. Nyumba ipo, chakula kipo, swali langu ni moja tu, je nibebe baiskeli yangu ya mbio, nikodi hukohuko, au niiache kabisa nikaogelee baharini kama wageni wengine?

Kila niliyemuuliza kaniambia acha, kisiwa kidogo, asubuhi moja tu umekimaliza. Nikakaa na ramani. Ni kweli kidogo, urefu kama km 34, upana km 23, eneo lote kama km za mraba 430, yani ukichukua Unguja ukaigawa mara nne unapata kipande kimoja hivi. Ila ndani ya hicho kipande kuna barabara za lami zaidi ya km 1,500, kwa sababu kisiwa chote kilikuwa mashamba ya miwa na kila shamba lilikuwa na njia yake ya kutolea miwa, na zile njia ndo leo zimekuwa vibarabara vyembamba vinavyopita katikati ya mashamba na vijiji. Kwa mtu wa baiskeli hiyo ni raha tupu, kila mita mia mbili njia panda, huwezi kuchoka.

Kingine kilichonipa moyo ni kwamba wanaendesha kushoto kama hapa Uingereza na kama nyumbani Tanzania. Wengi hawalioni hili mpaka wakute kipilefti wakiwa wamechoka na jua, mwili unaamua kabla ya akili. Visiwa vya Wafaransa kama Guadeloupe na Martinique ni kulia. Na kiukweli Guadeloupe ilinivuta sana, kule mbio za baiskeli ni mchezo wa watu kwelikweli, wana tour yao kubwa kila Agosti, na ndo alikotoka Yohann Gène, mtu mweusi wa kwanza kushiriki Tour de France, mwaka 2011. Ipo siku nitafika. Safari hii mwenyeji yuko Barbados, basi tunaongelea Barbados.

Desemba, milima

Mlima mrefu kuliko yote kule unaitwa Mount Hillaby, kama mita 340 tu. Mtu wa Lushoto ataona hicho kichuguu. Ila usidanganyike na namba, shida haiko kwenye urefu, iko kwenye mwinuko. Sehemu kubwa ya kisiwa ni jiwe la matumbawe, na ukitokea magharibi unapanda ngazi kwa ngazi, unapumzika kidogo, unapanda tena, mpaka unafika ukingo wa mashariki unaoitwa Hackleton's Cliff, na hapo ardhi inakatika ghafla unaiona Atlantiki yote chini yako. Chini ya ukingo kuelekea kaskazini ndo Scotland District, huko matumbawe yalishaliwa zamani ikabaki udongo wa mfinyanzi, mvua ikipiga ardhi inateleza na barabara inapasuka au inabonyea. Kwa hiyo kule chini unashuka mkono ukiwa kwenye breki na macho kwenye lami, mandhari utaiangalia ukisimama.

Maana yake kwenye baiskeli: nimebadilisha kaseti ya nyuma, yani lile fungu la meno ya gia kwenye gurudumu, sasa gia nyepesi kabisa ni meno 34 mbele kwa 34 nyuma. Tairi nimetoa za mm 25 nimeweka 32 ndo mwisho fremu yangu inapokubali, na upepo nimepunguza. Kuna jamaa wa klabu kaniuliza kwa nini naiharibu baiskeli nzuri kwa tairi nene, nikamwambia lami ya viraka haijui bei ya magurudumu yako.

Januari, nimeamua

Nabeba.

Kukodi nilikufikiria sana, na kama unataka kuendesha siku moja tu kwa starehe kodi, usijisumbue na boksi. Ila mimi nataka gia zangu, kiti changu, breki ninazozijua, hasa kwa miteremko ile. Ndege tunayopanda inakubali boksi la baiskeli kama begi moja ilimradi lisizidi kilo 23, na mama watoto kakubali kugawana na mimi begi lake la nguo, Mungu ambariki. Nimefungua pedali, nimelegeza usukani, ule mkono wa gia wa nyuma nimeutoa nikaufunga kwa kitambaa ndani ya fremu maana ndo unaopindaga watu wakirusha maboksi. Tyubu za akiba, pampu ya mkono, kiungo cha mnyororo cha akiba.

Nguo sasa, hili lijue kila anayeenda: Barbados ni marufuku raia kuvaa nguo za mabakamabaka ya jeshi, hata mtoto. Na siku hizi jezi za baiskeli za rangi hizo zimejaa madukani. Ninayo moja nzuri sana, inabaki Reading.

Tumekubaliana na mama watoto kwamba baiskeli ni ya alfajiri, chai ya asubuhi nakunywa nao nyumbani, mchana ni wa familia. Na kusema ukweli hata bila makubaliano hayo jua lenyewe lingenipangia hivyohivyo.

Februari, tupo kisiwani

Jamani. Wacha niandike wakati bado iko kichwani.

Baiskeli imefika salama, nimeifunga uani kwa mwenyeji wetu huku kuku wananizunguka. Mama huyu kaniangalia weee halafu kaniambia nitoke kabla ya jua na nirudi kabla ya saa 3, asiyenisikia atajua mwenyewe. Jua huku mwezi huu linatoka kama saa 12 na robo, linapanda haraka kama kwetu pwani. Mwanga ukianza tu natoka na taa zinawaka mbele na nyuma.

Upepo ndo mwalimu mkubwa hapa. Unatoka mashariki, kutwa kucha, na miezi hii ya kiangazi hauchoki. Kwa hiyo mpango wangu ni mmoja, naanza kwa kwenda mashariki nikiupiga kifua wakati miguu bado mizima na hewa bado ya baridi, halafu unanirudisha nyumbani wenyewe.

Raundi niliyoipenda kuliko zote: kutoka Saint George napandisha taratibu mpaka kanisa la Saint John lililo pale juu ukingoni, halafu nafuata ukingo mpaka Horse Hill, nashuka Bathsheba. Horse Hill ni mteremko wa kuheshimu, mkali, una kona, na asubuhi lami ina unyevunyevu. Chini ni bahari yenye mawimbi makubwa na yale majabali yamesimama majini peke yao. Kutoka hapo unashika East Coast Road kuelekea Belleplaine, barabara iliyofunguliwa mwaka 1966 ikifuata njia ya reli ya zamani iliyokufa 1937, ndo maana imenyooka na haina milima. Upepo unakupiga ubavu wa kulia, shika usukani chini na usiogope. Magari ni machache mno asubuhi hiyo, nikaimba kwa sauti kabisa.

Halafu raha inaisha kazi inaanza, maana ukiingia upande wa Morgan Lewis, pale penye kinu cha upepo cha kusagia miwa, unapanda Cherry Tree Hill. Hapo meno 34 kwa 34 nimeyatumia yote na sijajuta hata senti. Juu barabara imefunikwa na mimahogani mikubwa pande zote mbili, kivuli, tumbili wa kijani wanakatiza, ukigeuka nyuma unaiona pwani yote uliyotoka. Nikaendelea Farley Hill nikashuka Speightstown, mama watoto akanikuta na gari tukaenda kuogelea. Safari nzima haifiki km 60 lakini miguu inakwambia mia.

Tulipakia baiskeli kwenye gari makusudi. Kutoka Speightstown kushuka Bridgetown ni Highway 1, ndo barabara ya mahoteli, nyembamba, magari yamebanana, na zile ZR, hiace nyeupe zenye mstari mwekundu wa damu ya mzee, muziki juu, zinasimama popote abiria alipo. Aliyewahi kuendesha nyuma ya daladala Dar anajua kusoma dalili, ila asubuhi ya kazini sishauri. ABC Highway, ile barabara kuu yenye magari mengi, nayo naiacha, nakatiza tu. Kwenye mashamba shida ni nyingine, miwa mirefu inaziba njia panda, kwa hiyo napunguza mwendo kila kona hata kama sijasikia gari, na msimu huu wa kuvuna kuna matrekta na malori ya miwa. Madereva wengi wamenipigia honi mbili fupi, mwanzo nikajua wananifukuza, kumbe ni salamu.

Maji ya bomba ya huku yanachujwa na jiwe la matumbawe, ni matamu na salama, najaza chupa popote wanaponikaribisha. Mvua ikikukuta ufukweni usijibanze chini ya mti wowote tu, kuna mti unaitwa manchineel, utomvu wake unababua ngozi, mingi wameichora mstari mwekundu kwenye shina.

Kinachofuata ni kaskazini, parokia ya Saint Lucy mpaka Animal Flower Cave kwenye ncha ya kisiwa. Kule ni tambarare zaidi ila upepo hauna pa kujificha. Mnyororo nimeshaufuta chumvi nikaupaka mafuta, breki za nyuma nabadilisha pedi jioni hii maana Horse Hill imezila, na nikipata nafasi Jumapili asubuhi magari yakiwa machache naenda.