Alhamdulillahi, Sisikii Kitu

Juzi tulipokuwa tukitayarisha kuku wa Idi, binti yangu aliniuliza kwa nini nakitoa kile kifuko cha kijani kwa uangalifu mkubwa namna ile. Nikamjibu kwamba nyongo ikipasuka nyama yote inakuwa chungu, na kwamba hata sisi wanadamu tunayo: ini huitengeneza, nusu lita hadi lita moja kwa siku, nayo huteremka kwa mfereji mwembamba hadi kwenye utumbo kusaidia kusaga mafuta. Akauliza, "Na huo mfereji ukiziba?" Nikamtuma dukani akalete ndimu.

Ukiziba, mtu hujikuna. Ndivyo Mama Mkubwa alivyoanza, kule kwake Ngamiani, Tanga: usiku kucha viganja na nyayo, wala upele hauonekani. Tukabadilisha sabuni, tukamchemshia mwarobaini, na jirani mmoja akataja jicho la hasidi. Mkojo ukakoza, choo kikapauka, bada, yaani ugali wa muhogo, na samaki vikamshinda, naye akakonda. Umanjano wa macho hatukuuona, kwa kuwa wengi wetu tulimtembelea jioni, na mwanga wa taa ya chumbani huuficha. Aliyeuona ni binamu yangu, Ijumaa moja asubuhi, alipomkuta barazani akichambua mchele na jua likimpiga usoni.

Hospitalini tulipokewa na daktari kijana, ambaye alimwamkia, akamgeuza uso kuelekea dirishani, akamshusha kope za chini kwa kidole gumba, kisha akamlaza chali. Alisugua mikono yake ipate joto, akaweka vidole chini ya mbavu za kulia na kumwomba avute pumzi. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa miguuni, nikaviona vile vidole vikikutana na kitu, vikatulia, kisha vikakizunguka taratibu.

"Mama, nikibonyeza hapa unasikia maumivu?"

"Alhamdulillahi, mwanangu, sisikii kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Sote tukaitikia Alhamdulillahi. Daktari hakuitikia. Alibonyeza tena, safari hii akimtazama usoni kwa muda mrefu, akisubiri walau akunje kipaji, naye Mama Mkubwa, ambaye hakupenda kumvunja moyo kijana wa watu, akamtabasamia.

Sababu ya ukimya ule niliijua baadaye. Daktari wa Uswisi, Ludwig Courvoisier, aliandika mwaka 1890 kwamba mgonjwa wa manjano ambaye mfuko wake wa nyongo umevimba, mara nyingi kilichoziba njia si kijiwe cha nyongo. Vijiwe kwa kawaida huuma. Uvimbe huo usiouma humfanya daktari afikirie saratani. Neno tulilolipokea kwa shukrani ndilo alilokuwa akiomba asilisikie.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Ultrasaundi ilionyesha mirija ya nyongo imetanuka, tukapewa rufaa kwenda Dar es Salaam, na huko ikathibitika kuwa ni saratani ya mfereji wa nyongo iliyokwisha kufika kwenye ini, hivyo upasuaji haukuwa na faida. Wakampitishia mdomoni mpira wenye kamera, wakaweka mrija mdogo wa plastiki palipoziba. Muwasho ukaisha, macho yakatakata, akarudi Tanga akala bada yake na kuwaambia wageni kwamba amepona, hakuna aliyembishia. Alifariki kabla ya Ramadhani.

Binamu yangu anashikilia kwamba laiti mama yake angeumwa, tungewahi. Huenda. Lakini jirani yao mmoja, mzee wa makamo, aliumwa kwelikweli: kijiwe kilimziba, bakteria wa utumboni wakapanda kwenye mirija ile, akashikwa na homa ya kutetemeka, na kwa kuwa kwetu kila anayetetemeka ana malaria, alimeza dawa za malaria hadi akaanza kuweweseka. Aliponea chupuchupu, kwa dawa za mshipani na kijiwe kutolewa. Nimemkumbusha binamu yangu kisa hicho mara nyingi, naye hunijibu kwamba mzee huyo yuko hai, anauza ndizi Makorora.