Kioo cha mbele: nimebadilisha

Jumanne, nikitoka Moshi, lori lilinirushia kokoto karibu na Boma Ng'ombe. Alama ilikuwa ndogo kama punje ya mahindi, upande wa abiria. Fundi wangu wa vioo hapa Arusha akaniambia, "Dada, lete gari leo tuzibe kwa gundi kabla vumbi halijaingia." Nikaahirisha, na hilo linaniuma hadi sasa. Alfajiri ya Ijumaa, na baridi hii ya Julai, nikawasha hita. Ufa ukakimbia mbele ya macho yangu hadi ukingoni. Kioo hiki ni matabaka mawili yenye plastiki katikati, hakimwagiki, lakini ufa ukishafika ukingoni hauzibiki tena. Nimelipia kipya. Gundi inayokishikilia kwenye gari haijashika vizuri, kwa hiyo leo wanangu wamekwenda shule kwa bajaji.