Kondoo waliochechemea huku damu ikipungua: kilichosaidia

Wenzangu wa Kinangop na kwingine kwenye matope, haya yamenitoka kifuani leo kwa shukrani. Kondoo wangu walichechemea kwa ugonjwa wa kuoza kwato, wengine wakala wamepiga magoti. Ndani ya kope palikuwa peupe. Kipimo cha damu kikaonyesha seli nyekundu chini ya asilimia 27, ambapo kondoo mwenye afya huanzia.

Dawa ya minyoo haikusaidia. Choo kilipopimwa, mayai yalikuwa machache. Madini ya chuma vilevile. Kuchonga kwato kwa kisu kuliongeza maumivu tu.

Daktari wa mifugo alinieleza kwamba uvimbe wa muda mrefu, kama ule wa kwato zinazooza, huufanya mwili ufungie chuma chake, uboho ulio ndani ya mifupa ukatengeneza seli chache za damu. Kumbe chuma kilikuwemo! Mguu ndio uliohitaji tiba.

Tuliwatenga wagonjwa, daktari akawachoma oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, ile ya kukaa mwilini kwa kipimo cha uzito. Kisha kuogesha kwato: zinki salfeti kilo 1 kwa lita 10 za maji, pamoja na sabuni kidogo ya maji ili dawa ipenye. Wasimame humo dakika 15.

Lakini lililoleta tofauti ni baada ya hapo: saa nzima juu ya saruji kavu kabla ya kugusa udongo. Wakirudi matopeni mara moja, dawa huoshwa kabla haijashika. Malisho ya zamani tuliyapumzisha wiki mbili, kwa kuwa bakteria wa kuoza kwato hawadumu udongoni bila mnyama.

Kuchechemea kuliisha kwanza. Wekundu wa kope ulifuata polepole, kwa hiyo msikate tamaa mapema.